Mlinda Mlango na Nahodha: Tretiak na Fetisov katika Mizani

Wabishi wa michezo wana ada moja: wakitaka kujua nani bora kati ya wawili, huhesabu. Huyu ana medali ngapi, yule ana vikombe vingapi, na mwenye fungu kubwa ndiye hutawazwa. Kipimo hicho huwafaa wachuuzi wa nazi, lakini kwa watu wawili ninaotaka kuwazungumzia leo hakitoshi hata kidogo. Nao ni Vladislav Tretiak na Viacheslav Fetisov, mabingwa wa mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Wote wawili walivaa jezi ya klabu moja, wakatumikia jeshi moja, wakaamriwa na mwalimu mmoja. Wa kwanza alitii mpaka siku ya mwisho, akastaafu angali na nguvu zake. Wa pili alifika mahali akasema hapana, na neno hilo akalipeleka mpaka kwa waziri wa ulinzi. Ni yupi kati yao aliyekuwa na maisha makubwa zaidi katika mchezo? Na kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni watu wa sare, naona swali hili linawahusu ninyi kuliko linavyowahusu raia wanaokunywa kahawa vibarazani.

Yafaa kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana nchi zetu za jua kali haziujui sana, ingawa huko Nairobi vijana wachache waliunda timu yao iitwayo Ice Lions na kucheza juu ya barafu ya kutengenezwa ndani ya hoteli. Kila upande huweka wachezaji sita uwanjani, mmoja wao akiwa golikipa. Wote huvaa viatu vyenye kisu cha chuma chini ya wayo, wakateleza kwa kasi ambayo mkimbiaji wa nchi kavu hawezi kuifikia. Hawapigi tufe, hupiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, ambacho kikipigwa sawasawa huruka kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa na zaidi. Mlango wenyewe una upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22 tu. Mchezo huchezwa kwa vipindi vitatu vya dakika 20, na kumgonga adui kwa bega ni halali. Haishangazi kwamba majeshi yaliupenda.

Hakuna jeshi lililoupenda kama lile la Umoja wa Kisovieti. Klabu ya CSKA ya Moscow, yaani Klabu Kuu ya Michezo ya Jeshi, ilianza kucheza magongo ya barafuni mwaka 1946, na chini ya mwalimu Anatoly Tarasov ikawa chuo cha mchezo huo kwa taifa zima. Wachezaji wake walikuwa maafisa wenye vyeo na mishahara ya jeshi, hata kama bunduki walizishika kwa nadra. Tena klabu ilikuwa na silaha ambayo wapinzani wake hawakuwa nayo: sheria ya utumishi. Kila kijana wa Kisovieti alidaiwa miaka ya jeshi, na hivyo kijana hodari wa klabu nyingine aliweza kuitwa kambini akajikuta amevaa jezi nyekundu ya CSKA. Ndivyo walivyofika Sergei Makarov kutoka Chelyabinsk na Igor Larionov kutoka Voskresensk. Haki haikuwapo katika mpango huo, nadhani hata mashabiki wa CSKA walilijua hilo, lakini matunda yake yalionekana: kuanzia mwaka 1977 hadi 1989 klabu ya jeshi ilitwaa ubingwa wa nchi mara 13 mfululizo.

Mwanamichezo mwenye sare si mgeni kwetu. Kipchoge Keino alikuwa polisi wa Kenya. John Akii-Bua, aliyeruka viunzi vya mita 400 kule Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82 na kuvunja rekodi ya dunia, alikuwa polisi wa Uganda. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974, alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Kwa hiyo tunapowatazama Tretiak na Fetisov hatutazami watu wa sayari nyingine. Tunaitazama hali ambayo wengi wetu tumeiona kwa karibu: kijana mwenye kipaji ndani ya chombo chenye amri.

Tretiak alizaliwa tarehe 25 Aprili 1952 katika wilaya ya Dmitrov, jirani na Moscow. Baba yake alikuwa rubani wa jeshi. Tarasov alimwona akiwa mdogo, akamtia katika mafunzo ambayo kuruti yeyote angeyaogopa. Mojawapo ya maagizo ya mwalimu huyo lilikuwa kwamba kijana atembee na mpira wa tenisi popote aendapo, aurushe na kuudaka bila kukoma, hata macho na mkono vizoeane kama mapacha. Alipotimiza miaka 20 alikuwa tayari bingwa wa dunia mara mbili na ana medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Sapporo.

Mwaka ule ule wa 1972, mwezi wa Septemba, ulifanyika mpambano wa michezo minane kati ya Umoja wa Kisovieti na wachezaji wa kulipwa wa Kanada. Wakanada waliamini watashinda yote. Wapelelezi wao wa michezo walikuwa wamemtazama Tretiak Moscow, wakamkuta katika mchezo ambao alifungwa magoli mengi, wakaandika kwamba mlango wa Warusi hauna mwenyewe. Hawakujua kwamba kijana yule alikuwa anakaribia kufunga ndoa na mawazo yake yalikuwa harusini! Upelelezi wa namna hiyo, wa kumwona mtu siku moja na kumhukumu maisha yake yote, nyinyi maafande mnaujua vema kuliko mimi. Katika mchezo wa kwanza, uliofanyika Montreal, Kanada ilifungwa 7 kwa 3. Mwishoni Wakanada waliponea chupuchupu, kwa goli la Paul Henderson katika sekunde ya 34 kabla ya filimbi ya mwisho ya mchezo wa nane, lakini dharau ilikuwa imekwisha.

Jioni nyingine ambayo wazee wa mchezo huu huitaja ni ile ya tarehe 31 Desemba 1975. CSKA ilikuwa mgeni wa Montreal Canadiens, timu iliyokuwa karibu kuanza kutawala bara lake. Wenyeji walipiga mlangoni mara 38, wageni 13 tu. Matokeo yalikuwa 3 kwa 3. Mtu mmoja alisimama kati ya Montreal na ushindi, tena ndani ya Montreal, na watu wa mji ule hawakumchukia kwa hilo. Walimpenda mpaka leo.

Mwaka 1977 CSKA ilipewa mwalimu mpya, Viktor Tikhonov, ambaye alikabidhiwa pia timu ya taifa. Na hapa ndipo habari yetu inapoanza kuwa ya askari kuliko kuwa ya michezo. Tikhonov alikuwa mtu wa kazi usiku na mchana. Wachezaji wake walikaa kambini kwa muda unaofikia miezi 11 kwa mwaka, wengi wao wakiwa na wake na watoto umbali wa safari fupi ya gari. Ruhusa zilikuwa adimu. Kwa upande wa vikombe hakuna awezaye kumlaumu, maana alishinda karibu kila kilichoshindaniwa. Kwa upande wa watu, mambo yalikuwa mengine.

Tikhonov ndiye aliyemwondoa Tretiak langoni baada ya kipindi cha kwanza tarehe 22 Februari 1980, katika Olimpiki ya Lake Placid, Warusi walipokuwa sare ya 2 kwa 2 na vijana wa vyuo wa Marekani. Goli la pili la Wamarekani lilikuwa limeingia sekunde ya mwisho ya kipindi, na mwalimu alikasirika. Marekani ilishinda 4 kwa 3. Baadaye Tikhonov mwenyewe alikiri kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa kubwa. Tretiak hakufanya fujo. Mwaka 1981, katika fainali ya Kombe la Kanada huko Montreal, alilinda mlango Warusi wakiwanyuka wenyeji 8 kwa 1, akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano.

Mwaka 1983 klabu ya Montreal ilimteua rasmi katika orodha yake ya wachezaji wapya, ikitumaini kwamba wakubwa wa Moscow wangemruhusu. Hawakumruhusu, naye hakugombana nao. Mwezi Februari 1984 huko Sarajevo aliibeba bendera ya nchi yake katika ufunguzi, kisha akaiwekea mlango mkavu katika mchezo wa mwisho dhidi ya Chekoslovakia, 2 kwa 0, na kupata dhahabu yake ya tatu ya Olimpiki. Alikuwa bingwa wa dunia mara 10, bingwa wa nchi mara 13, mchezaji bora wa nchi mara 5. Akiwa na umri wa miaka 32 alimwomba mwalimu jambo dogo sana: akubaliwe kufanya mazoezi pamoja na wenzake, lakini alale nyumbani kwake, na kambini aingie kabla ya michezo tu. Akakataliwa. Basi akavua jezi namba 20 akaondoka.

Ombi la namna hiyo hupita mezani kwa makamanda kila siku: askari mwenye miaka 15 ya utumishi usio na doa anaomba kulala kwake. Mkubwa anayejua kuongoza hujiuliza atapata nini kwa kukataa. Tikhonov alipata nini? Alipoteza golikipa bora duniani katika umri ambao magolikipa wengi bado wana miaka mingi ya kucheza. Jacques Plante wa Kanada, yule aliyemtembelea kijana Tretiak katika chumba cha kubadilishia nguo mwaka 1972 na kumweleza jinsi Wakanada wanavyopiga, yeye alicheza mpaka akapita miaka 40. Ninaamini Tretiak alikuwa na miaka mitano mizuri mbele yake. Amri ile iliilinda amri yenyewe, basi. Haikulinda kitu kingine.

Sasa tumgeukie Fetisov. Alizaliwa Moscow tarehe 20 Aprili 1958, akaingia CSKA angali kijana, akawa beki. Kwa mujibu wa desturi beki hukaa nyuma na kuvunja mashambulizi, lakini Fetisov alipokipata kisahani aliondoka nacho, akavuka uwanja kama mshambuliaji, na wenzake wakajua kuijaza nafasi aliyoiacha. Katika miaka ya 1980 yeye na Alexei Kasatonov nyuma, pamoja na Makarov, Larionov na Vladimir Krutov mbele, walikuwa kikosi cha watu watano ambacho wengi wanakiona kuwa bora kupita vyote vilivyowahi kuteleza juu ya barafu. Walikula pamoja, wakalala pamoja, wakapeana kisahani bila kutazamana. Fetisov akawa nahodha wa klabu na wa taifa, mwenye cheo cha meja. Alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Sarajevo mwaka 1984 na ya Calgary mwaka 1988, na ubingwa wa dunia mara 7.

Klabu ya New Jersey Devils ilikuwa imemteua tangu mwaka 1983. Baada ya Calgary Fetisov alielewa kwamba ameahidiwa kuachiliwa. Ahadi ikaahirishwa, kisha ikafifia. Mwezi Oktoba 1988 Larionov aliandika barua ya wazi katika gazeti la Ogonyok, akimshutumu Tikhonov kwa kuwatendea wachezaji kama mali. Mwezi Januari 1989 Fetisov alitangaza kwamba hatacheza tena chini ya mwalimu huyo. Akaondolewa katika timu, na milango ya mazoezi ikafungwa mbele yake. Kasatonov, aliyecheza ubavuni mwake kwa miaka mingi, hakusimama naye. Wengine walisimama: Makarov, Larionov, Krutov na wenzao walitokea katika televisheni wakasema hawatakwenda mashindano ya dunia ya Sweden bila ya nahodha wao. Akarudishwa. Kule Stockholm, mwezi Aprili na Mei 1989, akaongoza timu ya mwalimu aliyemkataa, na wakatwaa dhahabu.

Nawaomba wasomaji wasimame kidogo hapo Stockholm, maana hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Timu ile ilikuwa na kijana wa miaka 20, Alexander Mogilny, naye akiwa afisa mdogo wa jeshi. Mashindano yalipokwisha Mogilny hakupanda ndege ya kurudi. Alijificha, akakutana na watu wa klabu ya Buffalo, akaenda Marekani, na nyumbani akafunguliwa mashtaka ya kutoroka jeshi. Fetisov alikuwa Stockholm siku zile zile. Alikuwa na jina kubwa zaidi, na huko Marekani kulikuwa na klabu iliyomngoja kwa miaka sita. Njia aliyoipita Mogilny ilikuwa wazi kwake pia. Yeye alipanda ndege akarudi Moscow.

Alirudi kudai kitu ambacho hakikuwa kimezoeleka: kuondoka kwa mlango wa mbele. Amesimulia mwenyewe, katika filamu ya Red Army iliyotolewa mwaka 2014, jinsi alivyoitwa mbele ya Dmitri Yazov, waziri wa ulinzi, na jinsi waziri alivyomtisha kwamba atampeleka Siberia. Vilevile palikuwa na mpango kwamba aende Marekani kwa mkopo wa serikali, sehemu kubwa ya mshahara wake ikirudi katika chombo cha michezo cha Moscow. Aliukataa. Alitaka mkataba wake mwenyewe na pasipoti yake mkononi, akaandika kuomba aachishwe jeshi. Mwishowe akaachishwa, na katika kiangazi cha mwaka 1989 akaondoka akiwa raia, kijana wa zamani wa jeshi asiyedaiwa kitu.

Najua hoja itakayotolewa katika mabwalo ya maafisa, nami naiheshimu. Itasemwa: meja akiruhusiwa kumwambia mwalimu wake hapana, kesho koplo atamwambia sajini hapana, na keshokutwa jeshi litasimama juu ya nini? Isitoshe, taifa lilimlisha, likamfundisha, likamvika. Je, halina haki ya kumtumia? Hoja hii ina uzito. Askari ambaye amri kwake ni ushauri huyo si askari, na lau Fetisov angeitupa silaha mbele ya adui, mimi ningekuwa wa kwanza kumkana. Lakini tutazame lililotendeka. Miaka zaidi ya kumi aliitumikia klabu ya jeshi na kuileta dhahabu. Hakuuza siri, hakuiba, hakutoroka. Aliomba kuachishwa katika wakati wa amani, kwa maandishi, kwa njia ambayo kila jeshi lenye taratibu linaitambua. Amri aliyoikataa ilikuwa ya mwalimu wa michezo, iliyovaa sare ya jeshi ili isipingwe. Na nchi ilipomhitaji Stockholm, alicheza.

Kuna na upande wa pili wa deni. Tunalisema sana deni la askari kwa jeshi, kwa kuwa limeandikwa katika kiapo. Deni la jeshi kwa askari huandikwa kwa herufi ndogo, na Tretiak ndiye aliyelipiwa kwa herufi hizo. Utii wake ulikuwa kamili, wala siucheki. Ni jambo gumu kuliko wanavyodhani wale ambao hawajawahi kuamriwa. Ila utii mkamilifu una haki ya kupata mkubwa anayejua kuutumia. Yeye hakumpata. Miaka mitano baadaye Fetisov alisimama mbele ya ukuta ule ule, na siamini kwamba alikuwa amesahau jinsi mwenzake mkubwa alivyoondoka.

Maisha ya New Jersey hayakuwa ya asali. Fetisov alifika akiwa na miaka 31, viungo vimechoka kwa mazoezi ya Tikhonov, katika ligi yenye viwanja vyembamba na wapinzani waliofurahi kumgonga Mrusi. Mwisho wa mwaka ule ule akaletwa Kasatonov, wakacheza tena nyuma pamoja wakiwa hawasemezani. Hebu fikirini: walioelewana barafuni bila maneno, sasa walikuwa hawana maneno kabisa.

Mwaka 1995 akahamia Detroit, na hapo bahati ikageuka. Kocha Scotty Bowman alikusanya Warusi watano katika kikosi kimoja: Fetisov, Larionov, Vladimir Konstantinov, Sergei Fedorov na Vyacheslav Kozlov. Mchezo wa zamani wa CSKA, wa kupeana na kuzunguka, ukaonekana Amerika kwa hiari ya wachezaji wenyewe, watu wazima wanaolala majumbani mwao. Tarehe 7 Juni 1997 Detroit ilitwaa Kombe la Stanley, ambalo mji ule ulikuwa haujalipata tangu mwaka 1955. Siku sita baadaye gari la kukodi lililowabeba Fetisov, Konstantinov na mkandaji wa timu, Sergei Mnatsakanov, liliacha barabara likagonga mti. Dereva alikuwa amesinzia. Fetisov aliumia akapona. Wenzake wawili walipata ulemavu wa maisha. Mwaka 1998 Detroit iliposhinda tena, kombe lilipelekwa kwa Konstantinov uwanjani, akiwa katika kiti cha magurudumu. Fetisov alistaafu mwaka ule akiwa na miaka 40, miaka minane zaidi ya umri ambao Tretiak alilazimika kuacha.

Kwa hiyo nawapimaje? Kama ningepewa mchezo mmoja wa kufa na kupona, ningeanza kwa kumweka Tretiak langoni, na beki ningemtafuta baadaye. Kwa ustadi wa nafasi yake sioni wa kumpita. Waamerika wenyewe walimwingiza katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 1989, wa kwanza kutoka shule ya Kisovieti, ingawa hakucheza hata mchezo mmoja katika ligi yao. Fetisov aliingizwa mwaka 2001. Lakini nikiulizwa maisha ya mchezo yaliyo makubwa zaidi, namchagua Fetisov, na vikombe viwili vya Stanley si sababu yangu. Sababu yangu ni ile safari ya ndege kutoka Stockholm kwenda Moscow.

Sisemi hivyo kwa kumfanya malaika. Alirudi Urusi akaongoza timu ya taifa iliyopata shaba Salt Lake City mwaka 2002, akawa mkuu wa michezo wa serikali hadi mwaka 2008, kisha seneta. Mwaka 2015, akiwa seneta, alipendekeza kwamba wachezaji vijana wa Urusi wasiruhusiwe kwenda ng'ambo mpaka watimize miaka 28. Ndiyo, Fetisov yule yule! Kiti cha mkubwa kina namna yake ya kubadili mandhari. Pendekezo hilo halikuwa sheria, na mimi nalichukulia kama onyo kwamba aliyewahi kufungiwa mlango anaweza naye kushika ufunguo. Tretiak kwa upande wake alikwenda Chicago kuwafundisha magolikipa, na mmoja wa wanafunzi wake, Ed Belfour, baadaye alivaa namba 20 kwa heshima yake. Mwaka 2003 alichaguliwa mbunge, na mwaka 2006 rais wa shirikisho la mchezo huo nchini Urusi.

Tarehe 7 Februari 2014 Olimpiki ya majira ya baridi ilifunguliwa Sochi. Bendera ya Olimpiki iliingizwa uwanjani na watu wanane, mmoja wao akiwa Fetisov. Baadaye mwenge ulizungushwa mkono hadi mkono ukafika kwa Tretiak, naye pamoja na Irina Rodnina, bingwa wa kuteleza, wakauwasha moto mkuu. Viktor Tikhonov alifariki Moscow tarehe 24 Novemba mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 84.